Foromali ya Babu na Hotirodi za Wamarekani

Nyuma ya nyumba yetu Kililana kuna mti mrefu umelala juu ya mawe manne, umefunikwa turubai la buluu. Ukipita haraka utadhani ni nguzo ya stima iliyosahaulika. Ni foromali. Kwa wale mliokaa Nairobi mpaka mkasahau harufu ya bahari: foromali ni ule mti unaobeba tanga, unaopandishwa juu ya mlingoti kwa kamba, ukakaa mshazari. Hii yetu ina urefu wa pima sita. Pima moja ni mikono ya mtu akiinyoosha kulia na kushoto, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Mtu aliyepimia hapa alikuwa babu yangu, marehemu, kwa hiyo urefu wa foromali hii ni mikono ya babu mara sita. Duka la kuuza hiyo hakuna.

Mwezi uliopita alikuja mtu kutoka hoteli moja upande wa visiwani. Wanataka kuinunua waining'inize darini kwenye mgahawa wao, watundike taa. Alitaja bei ambayo kwetu si ya kucheka nayo. Tangu siku hiyo nyumba imegawanyika. Ami hataki hata kusikia. Dada yangu anauliza karo ya muhula ujao italipwa na foromali au na nani. Bibi amenyamaza, na ukimjua bibi utajua kunyamaza kwake ni jibu, ila hakuna anayelielewa.

Mimi nilikuwa upande wa kuuza. Siwadanganyi. Nilisema waziwazi, mti umelala pale tangu mimi niko darasa la tatu, unaliwa na mchwa, acha ukawake taa.

Kilichonifanya nianze kusitasita ni magari ya Wamarekani. Ngojeni niwaeleze, inaingiana.

Mnaonifuata mnajua mimi ni mtu wa magari. Kichekesho cha maisha yangu ni kwamba nimekua ng'ambo ya kisiwa cha Lamu, mji ambao sifa yake moja kubwa ni punda wengi kuliko magari. Usiku mmoja nikawa natazama video za hotirodi, yale magari ya zamani ya Marekani yaliyovuliwa bampa na madigadi, injini iko wazi kama mbavu, rangi inang'aa. Kila mara nilifikiri ni vitu vya matajiri. Leo ni kweli, mengi ni ya matajiri. Lakini historia yake si hiyo hata kidogo.

Rudi miaka ya 1930, kusini mwa California. Uchumi wa dunia umeanguka. Ford alikuwa ametengeneza Model T zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927, kwa hiyo zilizochakaa zilikuwa kila mahali, bei ya kutupa. Halafu mwaka 1932 akatoa injini ya V8 ya bei nafuu, nguvu ya farasi 65. Vijana wasio na kitu wakaona mlango. Unachukua bodi nyepesi ya zamani, unatia injini ya V8 kutoka gari lililogongwa, unang'oa kila kisichohitajika. Madigadi nje. Viti vya nyuma nje. Wengine walikata nguzo za dirisha wakashusha paa inchi kadhaa ili upepo usipate pa kushika.

Tatizo lilikuwa spea. Spea nyingi za kufanya gari kuukuu likimbie kama jipya hazikuwa za kununua tu dukani, kwa hiyo walizitengeneza wenyewe. Walikwangua silinda hedi ili mgandamizo uongezeke. Waliisaga upya kemshafti ili vali zifunguke juu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Walitengeneza kwa mikono mabomba ya kuingizia hewa yenye nafasi ya kabureta mbili badala ya moja, na Vic Edelbrock, aliyekuwa na gereji yake Los Angeles, alianza hivyohivyo, kwa kutengeneza kifaa cha gari lake mwenyewe kabla ya wengine kuanza kumwomba awatengenezee. Wikendi waliyapeleka magari Muroc, ziwa lililokauka likawa sakafu tambarare ya udongo, wakapimana mwendo. Mwaka 1937 vilabu vyao viliunda chama, SCTA, ili vijana waache kuuana barabarani na wakimbie kwa utaratibu.

Vita vya Pili vilipoisha, jeshi likauza mabaki kama chuma chakavu. Jamaa mmoja, Bill Burke, aliliangalia tangi la mafuta la ndege ya kivita, lile linaloning'inia nje kama samaki, akaona bodi ya gari la mbio. Mwaka 1946 akalitia magurudumu na injini. Kwa wengine lilikuwa takataka ya vita. Jarida lao la Hot Rod lilitoka mara ya kwanza Januari 1948, na mwaka uliofuata wakahamia uwanda wa chumvi wa Bonneville kwa mashindano ambayo bado yapo.

Nilipofika hapo nikacheka peke yangu chumbani. Wasee, hawa walikuwa jua kali! Fundi wa Kamukunji ukimvalisha kofia ya Kimarekani ndiye huyo. Tofauti ni kwamba wao waliandika jarida, wakajipa jina, wakajenga makumbusho. Sisi tulipewa jina na wengine: mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na tangu hapo mafundi wetu wakaingia vitabuni kama "sekta isiyo rasmi". Isiyo. Unaanza kutambulishwa kwa kile usicho.

Basi nikawasha tochi ya simu, nikatoka nje saa tano usiku, nikalifunua turubai.

Nilikuwa sijaiangalia foromali vizuri maishani mwangu. Ni mivinje miwili iliyounganishwa. Kila mti umechongwa mshazari mwisho wake, urefu wa dhiraa tatu hivi, ili uso kwa uso ikutane kama viganja vya mtu anayeomba, halafu ikafungwa kamba mizunguko mingi mno, imekaza mpaka leo. Ukipitisha mkono unasikia kwamba haikuachwa duara. Upande mmoja umepunguzwa kwa tezo, kidogokidogo, na kuelekea ncha ya juu unazidi kuwa mwembamba. Alama za tezo bado ziko, kama magamba ya samaki. Karibu na katikati kuna sehemu iliyochongwa upya baadaye; rangi ya mti ni nyingine.

Asubuhi nikamuuliza ami kwa nini babu alichonga pale mara ya pili. Akaniambia bila hata kunitazama: kwa sababu mwaka wa kwanza tulishindwa.

Hiyo foromali haikuwa ya mashua ya kuvulia. Ya kuvulia ilikuwa fupi na nene, ya kuvumilia kusi na mkono wa mtu aliyechoka. Hii ilikuwa ya mashindano. Babu alitaka mti mrefu kuliko kawaida ili abebe tanga kubwa, lakini mti mrefu ni mzito, na uzito juu ya mlingoti unailaza mashua. Kwa hiyo akapunguza mti. Akipunguza sana, unavunjika. Akipunguza upande usio sawa, ncha haipindi vizuri upepo ukizidi, na tanga linashika hewa nyingi pale ambapo lingepaswa kuimwaga. Ami anasema walishindwa kwa sababu ncha ilikuwa kavu, haikupinda, na kila upepo mkali ulipopiga mashua ililala badala ya kwenda mbele. Babu akarudi nyumbani, akakaa nayo wiki nzima, akapunguza shibiri chache pale katikati. Niambieni hiyo ina tofauti gani na kijana wa Los Angeles anayesaga kemshafti.

Najua mtasema mashua si gari, haina injini. Sawa. Lakini ukilitazama suala la kutengeneza kwa mkono kifaa ambacho hakipo dukani, kwa ajili ya chombo kimoja tu, ili kiwapite wengine, pwani hii ilikuwa kwenye kazi hiyo kabla Ford hajazaliwa.

Kuna kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya kwanza, Periplus, kinachotaja soko la pwani yetu lililoitwa Rhapta, na kinasema jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa. Kushonwa, kama nguo. Karne nyingi baadaye visiwa vya Lamu vilijulikana kwa mtepe, chombo ambacho mbao zake ziliunganishwa kwa kamba ya makumbi ya nazi bila msumari, na tanga lake la mraba lilisukwa kwa ukili kama mkeka. Mwandishi Procopius, karne ya 6, aliwahi kukanusha uvumi kwamba watu wa Bahari ya Hindi walishona vyombo kwa kuogopa miamba ya sumaku isichomoe misumari. Napenda sana uvumi huo. Mtu wa mbali haelewi kwa nini fulani ametengeneza kitu tofauti na chake, anaona ni rahisi kuamini mlima wa sumaku kuliko kuamini kwamba fulani alifikiri. Chombo cha kushonwa kinalegea kidogo, kinanyumbuka kikigonga mchanga au mwamba, ambapo kilichopigiliwa kingepasuka. Na ukihitaji kukitengeneza, kamba na nazi ziko kila kijiji.

Kufikia katikati ya karne ya 20 mtepe ulikuwa umekwisha majini. Misumari ilikuwa imeshinda. Ukienda Matondoni, kile kijiji cha magharibi ya kisiwa cha Lamu ambacho kila mtu anakitaja ukisema jahazi, utaona jinsi hata msumari ulivyofanywa kuwa kitu cha mkono. Zamani mhunzi aliufua mmojammoja. Fundi anatoboa kwanza kwa keekee, ule mtambo wa uta unaozungusha ncha ya chuma, maana ukipiga msumari bila kutoboa, ubao unapasuka. Shingo ya msumari inazungushiwa nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta ndipo unapigwa, maji yasipate njia. Kisha pamba nyingine inashindiliwa kati ya mbao kwa patasi butu. Hiyo ndiyo kalafati. Juu ya maji mbao zinapakwa sifa, mafuta ya samaki, ambayo harufu yake ukiipata mara moja hutaisahau mpaka kaburini. Chini ya maji unapaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili wadudu wanaotoboa mbao wasikaribie.

Na yote hayo bila ramani. Fundi wa Lamu huweka mkuku, akaanza kupandisha mbao, na umbo la chombo linatoka machoni pake. Mataruma, zile mbavu za ndani, huja baadaye, na hapa ndipo pananivunja moyo kwa utamu. Huwezi kukata ubao ulionyooka ukapata mbavu iliyopinda. Utaukata kinyume na nyuzi zake, utavunjika. Kwa hiyo fundi anaingia msituni kutafuta tawi ambalo tayari limekua na kona anayoitaka. Anabeba umbo la mashua kichwani, anatembea kwenye matope ya mikoko akiutazama kila mti kama mtu anayetafuta spea kwenye yadi ya magari chakavu. Mkomafi na mlilana vinapendwa kwa kazi hiyo. Mimi siwezi kuwaapia kwamba Kililana ilipata jina kutokana na mlilana, ila kila nikitaja jina la kwetu ndio mti ninaouona.

Mashindano ndiyo yaliyokuwa Muroc ya kwetu. Mpaka leo, siku za Maulidi na tarehe mosi Januari kule Shela, vijiji vinapimana. Kabla ya siku yenyewe, mashua ya mbio inavuliwa kila kitu: nanga nzito nje, mbao za sakafu nje, vikapu, mitego. Chini inakwanguliwa mpaka iteleze. Badala ya mawe ya kuweka uzito, wanapanga magunia ya mchanga yanayohamishika, na upepo ukizidi vijana wanapanda ubao mrefu unaotoka nje ya mashua, wananing'inia juu ya maji kuisawazisha kwa miili yao. Mtu mzito siku hiyo anaheshimiwa kuliko sheikh. Mwenye demani mkononi, kamba ya kulivuta na kulilegeza tanga, hatakiwi kupepesa macho. Na kama kijiji fulani kimekuja na tanga lenye mkato mpya, au usukani mwembamba kuliko mwaka jana, wazee wa vijiji vingine wanajifanya wanapiga soga ufukweni huku macho yao yanapima. Mwaka unaofuata mkato ule uko kwenye mashua tatu.

Bara nako hawakulala. Mwenye macho anaona nganya za Nairobi ni hotirodi mtupu: chasi ya lori kutoka kiwandani, bodi ya kuchomelewa na mafundi wa hapohapo, kila moja na sura yake. Serikali ilizihalalisha matatu mwaka 1973, na mwaka 2004 kanuni za Michuki zikaja na mstari wa manjano na rangi moja, michoro ikafutwa. Ilirudi baadaye. Kila mwenye kuitazama nganya anajua michoro ile haikuwa tatizo la barabara peke yake; mtu mwenye cheo hapendi kuona kitu ambacho hakukiagiza.

Na pale tulipojaribu kwa agizo la juu? Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Wahandisi wakafanya kazi na karakana za reli, Polytechnic na jeshi, vipuri vikafuliwa humuhumu nchini, na yakatoka magari matano ya majaribio, Nyayo Pioneer. Mwaka 1990 yalizinduliwa Kasarani kwa shangwe. Kiwandani hayakufika, pesa ya kuyazalisha haikupatikana. Watu hulicheka gari hilo, hasa kwa kisa kwamba siku ya uzinduzi halikutaka kwenda. Mimi sicheki tena. Mtu yeyote aliyewahi kutengeneza kitu cha kwanza anajua cha kwanza hakitaki kwenda. Foromali ya babu ya mwaka wa kwanza haikwenda. Kilichokosekana Kasarani ni ile wiki ya kurudi nyumbani na tezo.

Mfano unaonipa nguvu uko hapahapa Lamu. Mwaka 2018, mwezi wa Septemba, ilishushwa majini Flipflopi, mashua yenye urefu wa mita tisa hivi iliyoundwa kwa plastiki iliyookotwa, kama tani kumi, na ubavuni imepambwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Fundi mkuu alikuwa Ali Skanda, mtu wa ukoo wa mafundi wa majahazi. Fikiria ugumu wake. Plastiki haina nyuzi kama mti. Inanyumbuka ikipata jua, hailoweki, haivimbi majini kuziba nyufa kama mbao. Hakuna msitu wa kwenda kutafuta taruma la plastiki lililokua na kona. Kila kipande cha chombo hicho, mkuku mpaka mbavu, ilibidi kitafutiwe njia yake, kiyeyushwe, kichongwe, kijaribiwe, na ujuzi uliotumika kukichonga ni uleule wa tezo na jicho. Januari 2019 ilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, kilomita 500. Wazungu waliandika sana kuhusu ndara. Mimi nataka kuongea kuhusu mataruma, lakini mataruma hayapendezi kwenye picha, naelewa.

Sasa turudi Kililana, maana hapa ndipo panaponiuma.

Tarehe 2 Machi 2012 Rais Kibaki, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini walikuja kuweka jiwe la msingi la bandari ya LAPSSET. Mpango mzima ulizungumzia gati 32. Tarehe 20 Mei 2021 gati ya kwanza ilizinduliwa, iko hapa kwetu. Kina kilichimbwa, mikoko ikakatwa, na njia ambazo mashua ndogo zilizipita tangu mababu zikawa njia za meli. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za watu wa Lamu zilikiukwa, ikiwemo haki ya mazingira safi na ya utamaduni, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Haki ya utamaduni: isomeni tena. Majaji waliandika kwamba namna yetu ya kuishi na bahari ni kitu chenye haki.

Sipingi bandari. Binamu zangu wawili wanafanya kazi pale, na mwenye kuwaambia warudi kwenye nyavu aje awalishe yeye. Lakini wavuvi waliambiwa, na bado wanaambiwa, suluhisho ni kwenda bahari kuu na boti kubwa za faiba na injini. Boti ya faiba inatoka kwenye kalibu. Ya kumi inafanana na ya kwanza. Ikivunjika unasubiri fundi na dawa kutoka Mombasa. Injini ikifa unasubiri spea, na spea isipokuja unasubiri tu. Naona wazee waliojua kutengeneza kila sehemu ya chombo chao wakikaa ufukweni wakisubiri kifurushi, na ninaona aibu ambayo sijui ni ya nani.

Mbao nazo si hadithi rahisi. Mbambakofi mzuri umekuwa wa kutafuta kwa tochi. Boriti za Lamu ziliuzwa Ghuba kwa karne nyingi mpaka Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wake nje mwaka 1982, na Februari 2018 serikali ilipofunga ukataji wa miti nchi nzima, wakata mikoko wa huku waliamka hawana kazi. Msitu ulihitaji kupumzika, nakubali. Ila fundi anayehitaji matawi kumi na mawili yaliyopinda kwa mwaka hakuwa ndiye aliyeumaliza.

Na tuwe wakweli kwa wazee wetu pia. Babu hakumfundisha shangazi hata kushika tezo, ingawa ami mwenyewe anakiri shangazi ndiye aliyekuwa na jicho. Vipimo vya foromali havikuandikwa popote. Ukimuuliza fundi kwa nini amekata hapa, anakujibu utaona. Siri ilikuwa mali, na mali hiyo ilizikwa nao. Vijana wa California walichapisha jarida lenye picha za kila bomba na kila skrubu kwa sababu walitaka kujisifu, na kujisifu kwao kumewafaa watu mpaka leo. Kwetu mtu anayejisifu kuhusu kazi yake anaonekana hana adabu.

Kwa hiyo nimeanza kupima. Nimechukua daftari na futi, naipima foromali kila shibiri: unene upande wa juu, unene wa chini, mahali kamba inapoanza, mshazari wa kiungo. Ami alinitazama siku mbili akiguna. Siku ya tatu akaja akaniambia futi yangu haina maana, akanionyesha jinsi ya kupima kwa upana wa vidole, kisha akaniambia pale ncha inapoanza kuwa nyembamba babu alikuwa akiiweka juu ya goti, anaibonyeza, anasikiliza. Nikaandika: goti. Sijui namna nyingine ya kuliandika hilo. Shangazi alipokuja Ijumaa aliipitisha mkono mara moja tu akasema kiungo kimeanza kulegea upande wa chini. Tuliangalia. Kimelegea kweli.

Dada yangu bado anauliza karo, na hana makosa. Nimemwambia nitauza kamera yangu ya zamani. Hajaniamini, na mimi pia sijajiamini sana.

Yule mtu wa hoteli amepiga simu, anakuja Alhamisi. Ami amesema atamjibu yeye mwenyewe. Jana alfajiri nilipotoka nilikuta turubai limekunjwa pembeni, na ami amechuchumaa na kibati, anaipaka foromali sifa kutoka ncha hadi ncha. Uani pote kulinuka. Nilimuuliza anaitayarisha kwa hoteli au kwa Januari. Akanipa kitambaa, akaniambia nianze upande ule mwingine.